Ramani za Kichwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Mwanasaikolojia wa Akili na Mahali

Mimi ni mwanasaikolojia wa utambuzi. Naishi Kisumu, na kazi hunipeleka Nakuru, Kakamega na Kisii. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mara: ndani ya matatu, kwenye mikutano ya wazazi, baada ya ibada, na kwa vijana wanaojaza fomu za chuo. Nimeanza na ya msingi, na yale yanayowahusu watu wachache yako mwishoni. Anayetafuta habari za masomo na ajira aruke hadi sehemu ya nne.

## Sehemu ya kwanza: Mambo ya msingi

Kama wewe ni mwanasaikolojia, sasa hivi unasoma mawazo yangu?

Hapana. Na mimi si mshauri nasaha. Ukiwa na msongo wa mawazo nitakuelekeza kwa mtu aliyesajiliwa kwa kazi hiyo.

Basi unafanya nini kutwa nzima?

Nachunguza jinsi watu wanavyofikiri kuhusu mahali, maumbo na mielekeo. Unajuaje kwamba kabati litapita mlangoni likilazwa ubavu? Unatokaje Kibuye hadi Nyalenda, hapa Kisumu, bila kuuliza mtu? Fundi wa mabati anakata bati bapa, na tayari anaona sanduku litakalotokea akishalikunja. Hayo ndiyo mambo yangu.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Mtu anaonyeshwa picha mbili za maumbo yaliyoundwa kwa vibao, anajibu kama ni umbo lile lile lililogeuzwa au ni maumbo mawili tofauti, nami napima muda aliotumia. Jaribio hili ni la mwaka 1971, la Roger Shepard na Jacqueline Metzler wa Marekani. Waliona kwamba kadiri umbo lilivyogeuzwa kwa pembe kubwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochelewa, na ukichora matokeo unapata mstari ulionyooka. Maana yake ni kwamba mtu hulizungusha umbo kichwani, na kulizungusha kunamla muda kana kwamba amelishika mkononi. Kabla ya hapo wanasaikolojia wengi walikwepa kuzungumzia picha za akilini kwa kuwa hakuna anayeziona za mwenzake. Wawili hawa walizipima bila kuziona. Nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapa ndipo naona ni nani atabaki kwenye somo na ni nani atahamia biashara.

Si ni kujua njia tu? Kwa nini mtu asome hayo hadi uzamifu?

Jibu zuri zaidi ninalolijua ni la Barbara Tversky, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, kisha Columbia kule New York. Alianza na kumbukumbu za picha, akaingia kwenye ramani, akaendelea na michoro, ishara za mikono na jinsi watu wanavyoelezana njia. Katika kitabu alichotoa mwaka 2019 anasema kufikiri kuhusu mahali si kipaji kidogo kilichojibanza pembeni mwa akili. Ndio msingi ambao fikra nyingine zimejengwa juu yake, hata zile za mambo yasiyoshikika kama cheo, muda na undugu. Kabla binadamu hajasema, alitembea, akanyoosha mkono, akashika, akaona nini kiko mbele na nini kiko nyuma.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Wenzangu wa isimu hawakubali kwamba lugha ifuate nyuma kiasi hicho, na tukikutana kwenye chai ubishi hauishi.

Una mfano wa hapa kwetu?

Nenda kwenye dala, yaani boma, la Mjaluo lililojengwa kwa kufuata desturi. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazama lango. Nyumba za wake wanaofuata hupangwa pande zake mbili kwa zamu, na simba, yaani vijumba vya vijana wa kiume, huwa karibu na lango. Mgeni anayejua mpangilio huo akisimama langoni anajua ni nani aliolewa kabla ya nani, na wapi asipite. Hakuna kilichoandikwa. Ukoo wenyewe umechorwa juu ya ardhi.

Au mtazame mama anayeuza nyanya Kibuye. Amezipanga mafungu, kila fungu bei yake, mafungu ya bei moja mstari mmoja. Hesabu ameifanya asubuhi kwa mikono, na mteja anaisoma kwa macho bila kuuliza. Watafiti kama Tversky wanapochunguza grafu na michoro ya kitaalamu, wanachunguza tabia hii hii: tunatoa fikra kichwani, tunaziweka nje mahali zinapoonekana, kisha tunafikiri kwa kuzitazama.

Ramani ya kichwani ni ramani kweli?

Jina hilo lilienea kupitia Edward Tolman, aliyeandika mwaka 1948 kuhusu panya waliojifunza mpangilio wa njia na si mfuatano wa kona peke yake. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, walieleza seli katika hipokampasi ya panya ambazo husisimka mnyama akiwa mahali fulani tu. Hipokampasi ni sehemu ya ubongo iliyo ndani, usawa wa masikio, na ina kazi kubwa katika kumbukumbu. Mwaka 2005 May-Britt Moser, Edvard Moser na wenzao kule Norway walitangaza seli nyingine, zinazosisimka kwenye vituo vilivyopangika kama gridi ya pembetatu. O'Keefe na hao Moser wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014.

Hata hivyo neno ramani linapotosha kidogo. Ramani ya karatasi ina kipimo kimoja na haijipingi. Iliyo kichwani ina kipande ulichokiona kwa macho, kipande ulichosimuliwa, kipande cha ramani ya darasani, na vipande hivyo mara nyingi havikutani sawasawa. Mwaka 1993 Tversky alipendekeza tuifananishe na picha iliyobandikwa kwa vipande vya magazeti. Swali linalofuata linaonyesha sababu.

## Sehemu ya pili: Njia, ramani na kupotea

Ile chemshabongo ya Arusha na Mombasa ni ya kweli?

Ni ya kweli, na bado inanipa raha. Muulize mtu yeyote stejini: kati ya Arusha na Mombasa, mji upi uko kaskazini zaidi? Wengi watajibu Mombasa bila kusita. Arusha iko karibu nyuzi 3.4 kusini ya ikweta, Mombasa karibu nyuzi 4. Hata Mwanza, penye nyuzi 2.5, iko kaskazini ya Mombasa, na ya Malindi pia.

Kosa linatokana na akili kuhifadhi miji ndani ya nchi. Tanzania iko kusini ya Kenya, Arusha iko Tanzania, basi Arusha iko kusini. Akili haikumbuki kwamba mpaka umelala mshazari: unaanza nyuzi 1 kusini pale Ziwa Victoria na kufika baharini ukiwa umeshuka hadi karibu nyuzi 4.7. Albert Stevens na Patty Coupe walilieleza kosa la namna hii mwaka 1978 kwa miji ya Marekani. Watu walidhani San Diego, California, iko magharibi ya Reno, Nevada, kwa kuwa California iko magharibi ya Nevada. Ukweli ni kinyume. Sisi wa magharibi ya Kenya tunalo letu: Moroto iko Uganda, lakini iko mashariki ya Busia, Siaya na Bungoma.

Tversky aliongeza makosa mawili mwaka 1981. Moja ni kunyoosha: tunayasogeza maeneo makubwa kichwani hadi yawe yamepangana, ndiyo maana Wamarekani wengi hudhani Roma iko kusini ya Philadelphia, wakati iko kaskazini. La pili ni kusimamisha: kitu kilicholala mshazari tunakiinua kidogo hadi kikaribiane na kaskazini-kusini. Pwani yetu ni mfano mzuri. Ukiichora kwa kumbukumbu, utaichora wima au ikielekea kusini-mashariki, na hutaamini kwamba Mombasa iko mashariki kidogo ya Dar es Salaam.

Haya hayatokani na ujinga. Nimewauliza walimu wa jiografia na wameteleza kama wengine. Akili inaokoa nafasi: badala ya kuhifadhi uhusiano wa kila mji na kila mji mwingine, inahifadhi kanuni chache na kukisia yaliyobaki. Mara nyingi makisio hayo yanatosha kukufikisha.

Kwa nini safari ya kurudi huwa fupi kuliko ya kwenda?

Kwa sehemu kubwa ni matarajio. Niels van de Ven na wenzake walichunguza jambo hili mwaka 2011. Wakati wa kwenda tunatarajia tutafika mapema, tunachelewa, na safari inahisi ndefu. Wakati wa kurudi tumeshajiandaa kwa urefu ule, hivyo inatuwahi. Tena njia yenye kona nyingi hukumbukwa kuwa ndefu kuliko iliyonyooka yenye urefu ule ule. Anayetoka Kisumu kwenda Busia kwa gari linalosimama kila steji anaweza kunilaumu kwamba nimesahau makanga. Sijamsahau.

Waendesha boda boda wana ubongo mkubwa?

Swali hili huulizwa na waendesha boda boda wenyewe, na kwa kawaida jibu wanalo tayari. Asili yake ni utafiti wa Eleanor Maguire na wenzake kuhusu madereva wa teksi wa London. Ili kupata leseni, madereva hao husoma kwa miaka kadhaa na kukariri barabara zipatazo 25,000, kisha hufanya mitihani migumu. Mwaka 2000 picha za MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, zilionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na aliyefanya kazi miaka mingi zaidi alikuwa na kubwa zaidi.

Swali la haki ni hili: je, kazi ndiyo iliyoikuza, au waliozaliwa nayo kubwa ndio walioifuata kazi? Maguire alilijibu kwa hatua mbili. Mwaka 2006 aliwalinganisha madereva hao na madereva wa mabasi, ambao huendesha mji ule ule, foleni zile zile, lakini kwenye njia moja isiyobadilika. Tofauti ya hipokampasi ilibaki kwa wale wa teksi. Kisha mwaka 2011, yeye na Katherine Woollett walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 79 wa kazi hiyo tangu mwanzo wa mafunzo. Kati yao 39 walifaulu. Mwanzoni hawakutofautiana na wengine. Mwishoni, sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa imekua kwa waliofaulu peke yao.

Basi tukilitia Kisumu: dereva wa matatu ya Kondele anafanana na dereva wa basi la London, maana njia yake ni moja. Mwenye boda boda au tuktuk, anayepelekwa na mteja leo Manyatta, kesho Mamboleo, kesho kutwa uchochoro wa Dunga usio na jina, anafanana zaidi na dereva wa teksi. Hilo ni kisio langu. Halijathibitishwa kwa picha za MRI za waendesha boda boda wa hapa, kwa hiyo tafadhali usilitumie kupandisha nauli.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika: madereva wale wa teksi walikuwa dhaifu kidogo kwenye aina fulani za kujifunza mambo mapya ya kuona, na sehemu ya mbele ya hipokampasi yao ilikuwa ndogo. Ubongo haukuongeza tu. Inaonekana uligawanya upya.

Google Maps inaharibu akili?

Inategemea unaitumiaje. Mwaka 2017 kikundi cha Hugo Spiers, London, kiliwapima watu wakipita mitaa ya Soho kwa njia ya video. Walipojitafutia njia, shughuli kwenye hipokampasi iliruka kila walipoingia mtaa mpya. Walipofuata maelekezo ya mashine, haikufanya hivyo. Mwaka 2020 Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa Canada waliripoti kwamba waliotegemea vifaa hivyo kwa muda mrefu walikuwa na kumbukumbu duni zaidi ya mahali. Sehemu ya watu waliopimwa tena baada ya miaka mitatu ilikuwa ndogo, kwa hiyo naichukua kama onyo la kusikilizwa na si hukumu.

Ushauri wangu ni wa kawaida: tazama ramani nzima kabla ya kuondoka, weka simu mfukoni, na ukipotea uliza. Hapa kwetu kuuliza njia hakumvunjii mtu heshima, na aliyeulizwa mara nyingi atakusindikiza hadi kona ya pili.

Kwa nini nikimwelekeza mtu kwa simu mikono yangu inacheza, na hanioni?

Kwa sababu mikono inakusaidia wewe. Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha mwaka 1998 kwamba watu waliozaliwa vipofu hutumia ishara za mikono wanapozungumza, hata na kipofu mwenzao. Tversky na wenzake waliwapa watu maelezo ya mji wayasome wakiwa peke yao chumbani. Wengi walichora mji huo hewani au mezani kwa vidole, na walioambiwa waikalie mikono walikumbuka vibaya zaidi. Mwalimu anayemkataza mtoto kuhesabu kwa vidole angefaa ayafikirie hayo.

Mji upi ni rahisi kujifunza, Kisumu au Nakuru?

Nakuru, na watu wa Kisumu wanisamehe. Nakuru imekaa kati ya Menengai upande wa kaskazini na ziwa upande wa kusini. Ukisimama Kenyatta Avenue unajua mlima uko wapi na maji yako wapi, na hilo linatosha. Kisumu ina ziwa na ina vilima vya Riat, lakini kingo za ghuba zinapinda, na mgeni anayedhani ziwa liko magharibi tu atajikuta nalo upande asioutarajia.

Alama kubwa kama hizo zinaweza kuwa mfumo kamili wa mwelekeo. Stephen Levinson na wenzake walieleza jinsi Watzeltal wa Mexico wanavyotumia upande wa juu na wa chini wa mteremko, na Waguugu Yimithirr wa Australia wanavyotumia pande nne za dunia hata kwa vitu vya mezani, pale ambapo wengine wangesema kushoto na kulia.

## Sehemu ya tatu: Watoto, shule na vipimo

Ni kweli kuna utafiti maarufu uliofanywa Maragoli?

Ndiyo, na huwa nashangaa kwamba wanafunzi wetu wanaujua wa panya wa Tolman na hawaujui huu. Robert na Ruth Munroe walichapisha mwaka 1971 utafiti wao miongoni mwa watoto Walogoli. Walirekodi mtoto anapatikana umbali gani kutoka nyumbani akiwa hajatumwa kazi, yaani anapocheza na kuzurura kwa hiari yake. Kisha wakampima kwa kazi za maumbo, kama kunakili mpangilio wa vibao. Waliozoea kwenda mbali walifanya vizuri zaidi. Mwaka huo huo, wakiwa na Sara Nerlove, walitoa utafiti wa kuurudia miongoni mwa watoto Wagusii, na mwelekeo ulikuwa ule ule.

Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na kuandamana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine; huenda mtoto mwenye akili ya mahali ndiye anayethubutu kwenda mbali. Lakini swali walilouliza ni zuri sana. Mtoto aliyefungiwa kwenye ploti yenye lango la chuma, akitolewa tu kwa basi la shule, anajenga ramani gani kichwani?

Utafiti mkubwa wa karibuni unaelekea huko huko. Mwaka 2022 Antoine Coutrot, Spiers na wenzao walitumia mchezo wa simu wa kutafuta njia uliochezwa na watu takriban 400,000 katika nchi 38. Waliokulia nje ya miji walikuwa hodari zaidi, na waliokulia kwenye miji iliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, kama Chicago, ndio waliotatizika zaidi.

Wavulana wana kipaji hiki kuliko wasichana?

Kwenye jaribio la kuzungusha maumbo kichwani, wastani wa wanaume huwa juu, na tofauti hiyo ni ya kweli. Ninalokataa ni neno kipaji. Rudi Maragoli na Kisii: wavulana ndio waliokutwa mbali zaidi na nyumbani. Msichana alikuwa karibu na jiko na mtoto mgongoni. Mwaka 2011 Moshe Hoffman, Uri Gneezy na John List walitoa matokeo kutoka kaskazini-mashariki mwa India, kwa jamii mbili jirani. Katika jamii ambayo mali hupitia kwa wanaume, wanaume walikamilisha fumbo la maumbo haraka zaidi. Katika ile ambayo mali hupitia kwa wanawake, tofauti haikuonekana.

Tena kuna kazi, kama kukumbuka kitu kipi kilikuwa wapi, ambazo wanawake mara nyingi hufanya vizuri zaidi. Baba anayetafuta shuka ndani ya nyumba yake mwenyewe analijua hilo.

Uwezo huu unafundishika?

Unafundishika. David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 mwaka 2013 wakaona mafunzo huinua uwezo huu, faida hudumu, na huvuka hadi kwenye kazi ambazo hazikufundishwa. Sheryl Sorby, mhandisi wa Marekani, amewafundisha wanafunzi wa uhandisi kuchora na kuzungusha maumbo tangu miaka ya 1990, na waliopita kozi hiyo walifanya vizuri zaidi masomoni.

Kwa mzazi: vibao, mafumbo ya kupanga, kukunja karatasi, kusuka, kumtuma mtoto dukani kwa njia moja na kumwambia arudi kwa nyingine. Michezo ya kompyuta ya kasi nayo husaidia, ingawa najua kusema hivyo kunanipunguzia marafiki.

Vipimo hivi si vya kizungu?

Vingi ni vya kizungu, na lawama hiyo ina uzito. Robert Serpell alionyesha mwaka 1979 jinsi ya kuipima. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi moja ya kunakili maumbo kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia waliongoza. Kwa udongo walilingana. Mtoto aliyeunda gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu hakukosa akili ya maumbo, amekosa kalamu.

Hapa karibu, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto 85 wa Usenge, kando ya ziwa. Waliojua dawa nyingi za mitishamba walielekea kupata alama za chini kwenye baadhi ya vipimo vya shule. Tangu niusome, sianzi kazi kwenye shule yoyote kabla ya kujua watoto wale wanacheza nini.

Mwalimu amesema mtoto wangu anajifunza kwa kuona tu. Nimfanyie nini?

Usimfanyie lolote la pekee. Kugawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kushika, kisha kumfundisha kila mmoja kwa mtindo wake, hakujapata ushahidi wa kutosha. Harold Pashler na wenzake waliupitia mwaka 2008. Mchoro mzuri humsaidia karibu kila mtoto. Vivyo hivyo dai kwamba mtu hutumia zaidi ubongo wa kushoto au wa kulia: pande zote mbili hufanya kazi pamoja.

## Sehemu ya nne: Masomo na ajira

Nisome nini nikitaka kazi kama yako?

Katika sekondari, hisabati na biolojia, na usidharau sanaa na uchoraji wa kiufundi. Kwa wanaoingia sekondari ya juu ya mtaala mpya, njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na ya Sayansi ya Jamii zote zinaweza kukufikisha. Chuoni tafuta shahada ya saikolojia kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, ukichukua takwimu kwa moyo wako wote. Kisha uzamili, kisha uzamifu. Kwa ajili ya uzamifu wengi hutoka nje kwa ufadhili kama wa Commonwealth, DAAD au Fulbright, na vyuo vingi vya Marekani hulipia wanafunzi wa uzamifu katika fani hii.

Uliza swali hili kabla ya kuchagua msimamizi: wanafunzi wake waliopita wako wapi sasa?

Kuna ajira kweli?

Tangazo la gazeti linalosema "anatakiwa mwanasaikolojia wa utambuzi" ni nadra Kenya. Kazi ipo, ila ina majina mengine: kufundisha chuoni, kubuni programu za simu zinazoeleweka, kutathmini vifaa vya shule, kuwasaidia waliopata kiharusi kujifunza upya, kupanga alama za barabarani na za hospitali. Ukiwahi kuzunguka hospitali kubwa ukitafuta maabara, unajua kazi hiyo haijaisha.

Ni lazima nisajiliwe?

Ukitaka kuhudumia wateja, ndiyo: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inakuhusu. Kwa utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukikusanya habari za watu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inakuhusu. Anza kuomba mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Bila mashine ya MRI nitafanya nini?

Mengi. Shepard na Metzler hawakuwa na picha za ubongo, wala Munroe hakuwa nazo Maragoli. Kompyuta ya kawaida, programu za bure kama PsychoPy na R, vibao, karatasi ya mraba na lugha ya wenyeji vinatosha kuanza. Faida tuliyo nayo ni kwamba kutoka Kisumu, mwendo wa saa chache, unawakuta wavuvi, wachungaji, watoto wa mtaa wa mabanda na watoto wa ploti, na kila kundi linatembea tofauti.

## Sehemu ya tano: Maswali yasiyo ya kawaida

Nikifumba macho sioni picha yoyote. Nina ugonjwa?

Huna. Francis Galton aliligusia jambo hili mwaka 1880, na Adam Zeman wa Uingereza akalipa jina afantasia mwaka 2015. Wenye hali hii hukosa picha ya kitu chenyewe, lakini kumbukumbu yao ya mahali kitu kilipokuwa mara nyingi iko sawa. Wengi hugundua wakiwa watu wazima, wanapotambua kwamba wenzao wanaosema "naona" hawasemi kwa mafumbo.

Napotea hata mtaani kwangu, tangu utotoni. Je?

Giuseppe Iaria na wenzake walieleza mwaka 2009 mtu ambaye hakuwahi kujenga ramani ya kichwani ingawa ubongo wake haukuwa na jeraha na akili yake ilikuwa timamu. Tangu hapo wengi kama yeye wamejitokeza. Wengi wao huishi kwa kukariri mfuatano wa kona, na njia hiyo inafanya kazi mradi barabara isifungwe.

Mama ameanza kupotea njia aliyoijua miaka yote. Ni uzee?

Usisubiri. Hali hii ni tofauti na ile ya swali lililotangulia, kwa kuwa imeanza ukubwani. Kupotea mahali palipozoeleka ni miongoni mwa dalili za mapema za ugonjwa wa Alzheimer, lakini pia huweza kusababishwa na maambukizi, dawa, kiharusi au macho. Mpeleke hospitali, mweleze daktari ni lini ilianza na alipotea wapi. Usimpeleke kwangu kwanza.

Mtu asiyeona ana ramani ya kichwani?

Anayo. Barbara Landau na wenzake walichapisha mwaka 1981 habari za mtoto mdogo aliyekuwa kipofu, ambaye alipopitishwa njia chache kati ya vitu chumbani aliweza kukata njia ambayo hajawahi kupita. Kibos, viungani mwa Kisumu, kuna shule ya watoto wasioona. Anayetilia shaka jibu hili akaulize huko, na mwanafunzi atamwonyesha njia ya kwenda ofisini.

Naweza kumleta mtoto wangu apimwe?

Sipimi mtoto mmoja mmoja kwa ombi la mzazi, wala sitoi cheti. Watoto hushiriki kupitia shule zilizopata kibali, mzazi akiwa ametia saini na mtoto mwenyewe akiwa amekubali. Mtoto akisema amechoka tunaacha papo hapo, hata kama kibao kilichobaki ni kimoja. Na kwa wanaoogopa sindano: hatutoi damu.